Vyuma Vitano Visivyo na Chapa

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Mzee Sakaya kaja karakanani. Mwenyewe, na fimbo yake. Miaka miwili alimkataza mwanawe Lesian kumwoa binti yangu Nosim, akipita hapa Moshono garini bila kugeuza shingo; mwezi jana karuhusu ghafla, bila kueleza — leo kaketi kwenye stuli yangu. Kabla ya kuketi alitandaza gazeti.

Lesian alikuwa nyuma yake, kabeba kisanduku cha mbao. Mzee akasema kasikia mikasi ya wapasuaji wa mji mzima inanolewa kwangu. Nikamwambia si mji mzima, ni hospitali sita. Nilianza mwaka 1993 na tupa moja na mkasi wa kinyozi. Hakuna aliyenishika mkono.

Ndani ya kisanduku: vifaa vya daktari wa jeshi la Mjerumani, vya enzi za vita vile vya kwanza. Kumi na viwili. Misumeno miwili ya mifupa, visu vinne vya kukatia miguu, koleo mbili za kutolea risasi, patasi mbili, keekee moja ya kutoboa fuvu, ndoano moja ya kushikia nyama isirudi. Mzee kasema babu yake alikuwa daktari wa Wajerumani. Walipokimbia 1916 wakamwachia kisanduku. Sasa anakiuza kwa Dokta Philemoni wa Usa River, mpasuaji mstaafu, anayepamba chumba kizima kwa vifaa vya kale. Kazi yangu ni kutoa kutu na kunoa.

Halafu akatoa kikopo cha dawa ya viatu mfukoni. Ndani hamkuwa na dawa ya viatu. Mafuta ya kondoo. Akajipaka viganja vyote viwili, taratibu, ndipo akachomoa vyuma vitano kimoja kimoja, akavilaza kushoto kwangu. Saba vilivyobaki alivichukua na mikono ileile bila kujipaka tena, hata hakuvitazama.

Nikauliza mbona hivi tu. Lesian ndiye aliyejibu — desturi ya nyumbani, tangu babu wa baba, hivyo vitano havishikwi vikavu. Akanyamaza katikati ya neno. Alikumbuka anaongea na nani.

Mimi ni olkunoni. Mhunzi, mtoto wa wahunzi, ukoo wa wahunzi. Huku kwetu chuma kikitoka mkononi mwetu hakiguswi mpaka kipakwe mafuta, ili uchafu wetu usiingie kwa mtu. Mkuki wanautaka. Kisu wanakitaka. Mkono uliokifua hawautaki.

Kwa hiyo vitano si vya Mjerumani. Vilifuliwa na mhunzi wa huku. Na nyumba ya Sakaya imejua hivyo miaka mia moja na minane.

Nimeandika risiti: vyuma kumi na viwili, vimepokelewa.

Jumanne, 3 Septemba

Vipimo. Vile saba vina chapa: WENDTORF BERLIN, taji dogo juu, 1911 chini. Herufi kumi na nne, urefu wa kila herufi milimita moja na nusu. Kazi nzuri, siwezi kumdhulumu mtu. Lakini vimeliwa. Kisu kimoja kina mashimo ya kutu ishirini na saba upande mmoja tu.

Vile vitano — msumeno mkubwa, visu viwili, koleo moja, patasi moja — ni kama vimetoka motoni wiki jana. Mafuta yamevikinga. Waliona kinyaa, wakapaka, wakaona kinyaa, wakapaka. Vya Mjerumani waliviheshimu tu.

Nimeviangalia kwa lenzi kwa saa tatu nzima. Mikia ya visu, ile sehemu inayoingia ndani ya mpini, imekunjwa mara mbili na kupigwa, kama tunavyokunja shingo ya mkuki. Na mapigo yote yanatoka kushoto. Mistari ya tupa nayo inapanda kutoka kushoto. Nimeshika nyundo yangu juu yake bila kupiga. Imelingana.

Mimi nina mkono wa kushoto. Baba alikuwa wa kushoto. Na baba alisema kaurithi kwa Lomayani, baba yake.

Nimemwita Tekla aone. Mke wangu ni Mmachame, haya ya mafuta hayamwingii kichwani — nilioa kule kwa sababu huku hakuna aliyenipa binti. Kaangalia, kapangusa mikono kwenye kanga.

— Haya, ni kazi ya babu yako. Sasa? Utaila?

— Nimesema tu.

— Tangazo la kwanza la ndoa ni Jumapili. Noa, rudisha, funga mdomo.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimenunua mfupa wa paja la ng'ombe. Nikaubana kwenye jiliwa, nikajaribu misumeno yote miwili, ule wa Berlin nikiwa nimeshaunoa. Msumeno wa Berlin: mikwaruzo 63 hadi mfupa kukatika. Wa Lomayani, bila kuunoa: 41.

Nimerudia. 64. 41.

Baba alinisimulia mara moja tu, na alikuwa amelewa. Mwaka 1915 vifaa vya Mjerumani vilikatika, meli hazikuja, majeruhi wanaletwa kutoka Longido. Wakatumwa askari kumchukua Lomayani kwenye tanuri lake kule juu ya Olmotonyi. Daktari hakujua Kimaa na Lomayani hakujua Kijerumani. Kwa hiyo akasimamishwa kando ya meza, akaonyeshwa. Mguu mmoja, halafu mwingine wa mtu mwingine, ili aelewe chuma kinatakiwa kufanya nini. Dawa ya usingizi ilikuwa imekwisha. Akarudishwa kwenye moto, akafua. Alilipwa blanketi.

Na aliyewashika miguu wale wagonjwa wasiruke mezani alikuwa babu yake Sakaya. Ndiyo kazi aliyokuwa nayo. Kushika miguu. Ndiye huyo daktari wao.

Nimehesabu alama zilizokwaruzwa ndani ya kifuniko cha kisanduku. Thelathini na nne. Miguu au mikono, hazisemi.

Jumapili, 8 Septemba

Mchungaji kasoma tangazo la kwanza. Lesian Sakaya na Nosim Naftali. Vichwa vya mbele viligeuka, nikavihesabu mpaka nikachoka. Nosim alikuwa anaangalia vidole vyake anatabasamu kama mtoto. Ana miaka ishirini na minane. Sijamwona hivyo tangu afaulu darasa la saba.

Mzee Sakaya aliketi kwenye kiti chake cha mzee wa kanisa, macho mbele.

Jumatatu, 9 Septemba

Kumbe ndiyo hii.

Kaja peke yake. Kaniita "Baba Nosim", mara ya kwanza maishani. Nikajua kuna jambo. Akatoa simu, akanionyesha meseji ya Dokta Philemoni: naomba uhakikishe vyote kumi na viwili vina chapa ya mtengenezaji, nikikuta havina sichukui.

— Wewe una mkono, akasema. Hivi vitano vitie jina.

— Jina la nani, mzee?

— La mwenye kisanduku. La Mjerumani.

— Unajua aliyevitengeneza.

— Mimi najua ni vya babu yangu.

— Alikuwa Lomayani. Ni babu yangu mimi.

Hakushtuka hata kidogo. Aliangalia ukutani, tupa zangu zilipotundikwa, kana kwamba anatafuta moja ya kununua. Akasema tangazo moja limeshasomwa, bado mawili. Jumapili ya tatu mchungaji huuliza kama kuna mwenye pingamizi. "Mimi ni mzee wa kanisa. Nikisimama sitahitaji kueleza sana. Watu wa huku wanaelewa." Kisanduku kifike kwake Jumamosi tarehe 21, Dokta atakuwapo. Jumapili tarehe 22 atakaa kimya na mtoto wangu ataolewa.

Angeyasema haya wiki iliyopita ningemfukuza na gazeti lake. Kasubiri tangazo lisomwe. Sasa likizuiwa, kila mtu Moshono atajua binti wa nani kakataliwa na kwa nini.

Nilipaswa kumtoa nje. Badala yake nikamwambia ni herufi kumi na nne, na taji, na mwaka, mara tano. Muhuri wa chuma utanichukua siku nane.

Nimemtajia siku. Hivyo tu ndivyo kinywa changu kilivyoweza.

Jumatano, 11 Septemba

Usa River, kurudisha mikasi ya kale niliyomnolea Dokta Philemoni. Mtu mwema, simsingizii. Kanipa kahawa, kanionyesha chumba: rafu za kioo, taa ndogo kila rafu. Nafasi ya kisanduku iko katikati. Kibao kimeshaandikwa: seti kamili ya daktari wa jeshi, Berlin, 1911, kutoka nyumba ya Sakaya.

Nikamuuliza, kama mzaha — vipi ukikuta kimoja kimefuliwa na mhunzi wa huku?

Akacheka. "Fundi, chapa ndiyo baba wa kifaa. Kisicho nayo ni mtoto wa kuokotwa. Nitamwonyesha nani?" Halafu akasema wahunzi wetu walikuwa hodari, hakatai, lakini wa mikuki na kengele za ng'ombe. Mfupa wa mtu ni kazi nyingine.

Patasi ya Lomayani ilikuwa kwenye mkoba wangu. Sijui kwa nini niliibeba. Nikaitoa, nikamwekea mkononi. Akaipima uzito. Akapitisha kidole gumba kwenye makali. Akaipeleka dirishani.

— Ona hii, akasema. Ona ulingano. Mjerumani alikuwa anajua kazi, bwana.

— Chapa sijaiona, nikasema.

— Itakuwa imelika kwa matumizi. Itafute vizuri.

Nikamwambia nitaitafuta.

Jumamosi, 14 Septemba

Tumekwenda Olmotonyi kwa Mzee Sakaya, kutambulishana. Mimi, Tekla, Nosim. Tekla kabeba mbege lita ishirini, Nosim keki. Nywele zake alizisuka saa tano mfululizo, jana.

Huku mtoto akimsalimia mzee huinamisha kichwa, na mzee humwekea mkono utosini. Ni salamu ya kawaida tu, hata mtoto wa jirani unampa. Nosim akaenda mbele ya Sakaya, shikamoo baba, akainama.

Mkono wa mzee ulikuwa kwenye mfuko wa koti. Ukabaki humo.

Nosim hakuinuka. Alifikiri hajamwona. Watu kama ishirini kwenye viti vya plastiki, na mwanangu kainama mbele yao. Sekunde kumi na moja. Nilizihesabu zote, na hakuna hata moja niliyoitumia kusimama.

Ndipo dada yake Sakaya, shangazi Silantoi, akaja mbio kwa huruma. Akafungua kikopo, akapaka kiganja, akamwekea Nosim kichwani. "Karibu mwanangu. Usijali, ndivyo tulivyolelewa." Mafuta ya kondoo kwenye nywele za saa tano. Wanawake wawili wakacheka, mmoja akasema sasa zitang'aa vizuri.

Nosim naye akacheka.

Lesian alikuwa anasoma simu. Hakuna mtu anayesoma simu kwa muda huo bila kugeuza ukurasa.

Chakula: wao sahani za udongo, sisi za plastiki, zenye bei bado imebandikwa chini. Zilinunuliwa kwa ajili yetu. Tekla kaninong'oneza kula, wanatuangalia. Nikala.

Njiani kurudi Nosim alisema maneno mawili tu. "Baba, usianze."

Jumapili, 15 Septemba

Tangazo la pili.

Jumanne, 17 Septemba

Muhuri umekwisha. Nimeuchonga kwenye kipande cha chuma cha springi ya gari, herufi kinyume, chini ya lenzi, nikaupasha moto na kuuzimisha kwenye oili. Nimejaribu kwenye bati. WENDTORF BERLIN, taji, 1911. Nimelaza bati kando ya kisu chenye chapa halisi na kupima. Tofauti yake ni sehemu ya mia ya milimita, na hiyo ni kutu ya Mjerumani, si kosa langu. Sijawahi kufanya kazi safi kama hii. Nimeifanya kwa kumfuta babu yangu.

Jioni mapema Lesian kaja kuuliza kazi imefika wapi. Kijana ana digrii ya kilimo, anasimamia ekari kumi na nne za maua pale Usa River, ndiko walikokutana na Nosim. Nikachukua msumeno wa Lomayani, nilikuwa nimeshaufuta mafuta yote kwa spiriti. Nikamwambia shika.

Sekunde nne.

Akaushika. Akausifu. Nikageuka kama ninatafuta kitambaa, na kwenye kioo cha kabati nikamwona anapangusa kiganja kwenye suruali. Mara mbili.

— Na ukimshika mwanangu utajipangusa hivyohivyo?

— Baba, mimi nampenda Nosim.

— Sikukuuliza hilo.

— Ni mazoea ya mkono tu. Hata sikufikiri.

— Ndiyo. Na mkono huo ndio utakaolala naye.

Machozi yalimtoka. Kijana mrefu vile, na fulana ya kampuni. Akaniambia mimi ni mtu mkatili, akaomba radhi kwa kusema hivyo, akaondoka. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilifurahi kama mtu aliyekunywa maji.

Alhamisi, 19 Septemba

Vyote kumi na viwili vimenolewa. Kila kimoja kinanyoa nywele za mkono wangu. Sijapiga chapa. Kesho.

Ijumaa, 20 Septemba

Sikupiga.

Nosim kaja saa mbili usiku akitokea Olmotonyi. Wiki hii nzima akitoka kazini anapitia huko, anasaidia jikoni, wajomba na mashangazi wameanza kufika. Aliponiletea chai nikasikia harufu ya kondoo. Nikashika mkono wake. Unateleza.

Ana kikopo chake. Kidogo, kipya, kwenye mkoba pamoja na funguo na simu. Kapewa na shangazi Silantoi.

— Nikijipaka kabla ya kuwapakulia, wanakula vizuri tu, kasema. Hawasemi kitu.

— Unajipaka mwenyewe.

— Ni mafuta, baba. Hata yanalainisha mikono. Pale kwenye maua miiba inatukwaruza kutwa.

Nikamweleza yote. Lomayani, meza, blanketi, mikono ya kushoto, muhuri, pingamizi la Jumapili. Sikuwa nimekusudia. Nilimwonyesha msumeno. Alisikiliza kama anavyomsikiliza mtu wa bima. Nilipomaliza akauliza ni chapa ngapi zimebaki.

— Tano. Zote.

— Basi ziandike Berlin. Ziandike Paris ukitaka. Babu yako alishakufa, baba. Mimi bado.

Nikamwambia kwenye nyumba ile atakuwa sahani ya plastiki iliyobandikwa bei chini. Nilisema hivyo, kwa maneno hayo, kwa mwanangu. Akaniuliza tangu azaliwe ni wanaume wangapi wa kihunzi nimemletea wa kumwoa. Nimtajie idadi, si napenda idadi.

Sifuri.

Tekla alikuwa mlangoni. Kasema na yeye anataka kusikia hiyo hesabu.

Jumamosi, 21 Septemba

Saa tatu asubuhi nimefungua karakana. Nimeweka kisu cha Lomayani juu ya fuawe, muhuri juu ya kisu, nyundo mkono wa kushoto. Pigo moja tu, si zaidi. Chapa hupigwa mara moja.

Nyundo haikushuka.

Nikakiweka kando. Nikachukua kile cha Berlin chenye mashimo ishirini na saba. Nikachukua tupa laini. Taji liliondoka kwanza, halafu mwaka, halafu WENDTORF herufi kwa herufi. Nikapitisha msasa, nikapaka oili. Dakika sita. Ukikiangalia sasa hujui kimetoka wapi.

Koleo: dakika tisa, ile pembe ni mbaya. Ndoano: tano. Keekee: kumi na moja. Patasi: sita. Msumeno mdogo: saba.

Nilijua ninachofanya. Kama kuna siku mtu atasoma hapa aelewe nilijua. Dokta atavigeuza kimoja kimoja kwenye sebule ya Sakaya na hakutakuwa na Berlin. Hakutakuwa na daktari wa Wajerumani. Kutakuwa na vyuma kumi na viwili vilivyo sawa, na mzee mmoja mwongo. Kesho mzee huyo atasimama kanisani. Watu mia nne, pamoja na wanakwaya. Mwanangu atakuwa safu ya tatu. Hiyo nayo niliijumlisha, nikaendelea kukwaruza.

Sita vilikuwa vimekwisha, saa nne na dakika kumi, nilipokuwa nafunga kisu cha mwisho kwenye jiliwa. Nosim akaingia. Gauni jipya la kijani. Lesian yuko nje garini, wametumwa kuchukua kisanduku, Dokta ameshafika Olmotonyi anakunywa chai.

Aliona unga wa chuma mezani. Aligeuza vyuma, kimoja, cha pili, cha tatu. Hakulia. Alikuja moja kwa moja kwenye jiliwa, akalegeza skrubu, akachomoa kisu cha saba. Mpini ulikuwa mkononi mwangu. Alikishika upande uliobaki.

Nikauachia mpini. Akarudi nyuma hatua mbili nacho vilevile, kiganja kwenye makali, mpini umeelekea kwangu. Akaketi kwenye stuli.

— Kina jina hiki, kasema.

— Lete.

— Muhuri si unao?

— Lete kisu, Nosim.

— Unao. Ule uliochonga. Nilisikia ukimwambia mama unafanana kabisa. Havina jina vyote kumi na kimoja, vipige vyote. Hiki nakaa nacho mimi, Dokta akitaka kulinganisha.

Honi. Lesian huwa hapigi honi.

Kasema: "Kila kimoja dakika ngapi?"

Mbili. Nilikuwa nimeshapata jibu kabla hajamaliza kuuliza. Kumi na kimoja mara mbili. Dakika ishirini na mbili na vyote vitatoka Berlin, kwa mkono wangu, na Dokta atavipeleka dirishani na kuvisifu, na Sakaya atajipaka mafuta kwa vyote kumi na kimoja kama ana akili, na kesho atakaa kimya. Nosim ameliona hili kwa muda uliomchukua kuketi. Mimi nimekaa na muhuri siku nne sikuliona.

Nimemwambia alete kisu kwanza ndipo tuzungumze.

— Vuta basi, kasema.

Kisu hicho nimekinoa mwenyewe.

Honi ya pili. Nyundo iko kwenye fuawe, muhuri uko kando yake, tupa iko gotini kwangu. Nimechukua daftari kwa sababu mikono ilitaka kushika kitu. Ananiangalia. Kauliza naandika nini.

Nimemwambia vipimo.

Kiganja chake kimeanza kulowa damu. Hajalegeza.